Shangazi wa Njinjo na Jasusi Bisibisi

Mwanasha alikuwa amekula kiapo zamani, na Njinjo nzima ilikijua: hakuna binti wa ukoo wao atakayeolewa tena kwa sifa za kuambiwa. Anayetaka mke aje atazamwe. Atazamwe akila, atazamwe akikasirika, atazamwe akiwa na watu na akiwa peke yake. Waliomwambia anazidisha aliwajibu wamuulize alivyoolewa yeye, na hapo maneno yalikwisha.

Maana yeye alipelelezewa mume kwa desturi zote, hakuna iliyorukwa. Posa ya Hussen ilipofika, wazee walituma watu Kivinje wakamchunguze. Lo! Walirudi midomo imejaa sifa. Kijana anawahi swala ya alfajiri. Kijana anamtekea mama yake maji. Kijana anasalimia hadi watoto wadogo. Kumbe Hussen alikuwa amepenyezewa habari kwamba wapelelezi wako mjini, na muda wote ule alikuwa anaigiza tu. Ndoa ikafungwa, pilau ikaliwa. Ndoo ya maji hakuigusa tena, msikiti akaupa mgongo, na Mwanasha alipolazwa kwa homa, yule bwana alifunga nguo zake akaenda zake Newala, na mpaka leo hajarudi. Ndiyo maana Mwanasha alikuwa na ulimi ule, na hakuwa na mpango wa kuupunguza makali.

Sasa ikawa zamu ya Nusaiba, binti wa kaka yake Bakary. Mtoto huyo Mwanasha alimbeba mgongoni kuliko hata mama yake mzazi. Alikwenda Kilwa Masoko kujifunza ushonaji, akarudi na cherehani na jina la mwanamume. Na mwanamume mwenyewe, jamani, si alikuwa Jasusi Bisibisi!

Kwa asiyemjua, Jasusi Bisibisi ni mchezo wa kuchekesha wa kwenye televisheni, unaotengenezwa palepale Kilwa Masoko na kurushwa na kituo kimoja cha Dar. Fundi simu mmoja, mwenye miwani mikubwa na mfuko uliojaa nyaya, anadhaniwa na wakubwa wa usalama kuwa jasusi hatari. Kosa ni lao, lakini yeye anaogopa kusema siye. Bastola hana, ana bisibisi. Majambazi wakimkimbiza anaingia mvunguni. Akiona bata anazimia. Na kila wiki anamdanganya mama yake kwamba alichelewa kazini. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliyeucheza ni kijana aitwaye Mudathiri, na nje ya mchezo naye alikuwa fundi simu hivyohivyo, na miwani ilikuwa yake hivyohivyo.

Bakary aliutazama kwa jirani siku moja, mikono kifuani, hakucheka hata kidogo.

"Mwanangu aolewe na huyu?" alisema waliporudi nyumbani. "Mwongo, mwoga, anakimbia ndege wa kufugwa! Kuna yule mfanyabiashara wa ufuta wa Lindi. Msafi, mpole, anaongea taratibu. Watu wake wanakuja Ijumaa baada ya swala, na mimi nataka kuwapa jibu. Mchagua nazi hupata koroma, dada."

"Na asiyechagua hupata kifuu," alijibu Mwanasha. "Mimi nilipata kimoja, kiko Newala."

Nusaiba alikuwa amekaa kizingitini, macho yamemvimba. "Shangazi," alisema, "nenda ukamwone mwenyewe. Wewe ukisema hafai, nitanyamaza, nitaolewa Lindi. Lakini uwe umemwona."

Maneno yale yalimchoma Mwanasha. Mtoto alikuwa anamkabidhi maisha yake mazima, bila hata kubembeleza. Bakary naye, kwa kuwa shangazi ni shangazi, akakubali: neno la Mwanasha litakuwa la mwisho, mradi lifike kabla ya Ijumaa.

Basi akaenda. Alipanda basi, akabadilisha gari Nangurukuru, akashuka Kilwa Masoko na beseni kichwani na mtandio umefungwa chini kidogo ya nyusi, ili asitambulike, ingawa hapakuwa na mtu wa kumtambua. Alifikia kwa Magdalena, rafiki yake wa siku nyingi, na asubuhi akanunua ming'oko kwa wanawake wanaoichimba vichakani, akaichemsha, akaenda kupanga meza sokoni, mkabala kabisa na kibanda cha Mudathiri. Muuza ming'oko hana anayemuuliza ametoka wapi. Anakaa na mizizi yake, chumvi na pilipili pembeni, anatazama dunia.

Kwanza alitaka kumwona kwa karibu. Akachukua simu yake, ile aliyopewa na Nusaiba, akaichokonoa kwenye tundu la chaji kwa njiti ya kiberiti mpaka ikagoma kabisa na kuzima. Akaipeleka kibandani.

"Shikamoo, mama," alisema Mudathiri, akisimama.

"Marahaba. Simu hii haiingizi chaji. Sijui imeingiwa na nini."

Kijana akainamisha miwani yake juu ya simu, akachokoa, akapuliza, akachomeka waya. Baada ya kitambo kioo kikawaka. Mudathiri alikitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akakitazama kwa mara nyingine.

"Ilikuwa na kijiti ndani," alisema hatimaye. "Imepona, mama. Angalia usiichokonoe."

Haoni vizuri huyu, aliwaza Mwanasha akirudi mezani. Kasoro ya kwanza.

Halafu akaanza kuulizia, kama desturi inavyotaka. Na hapo, jamani, kazi ikamwia ngumu. Alianza na muuza kahawa.

"Yule fundi wa pale, mtu wa namna gani?"

"Mudathiri? Mwoga yule!" Muuza kahawa akacheka hadi vikombe vikagongana. "Juzi kajificha kwenye pipa la maji, wamemtoa kalowa chapachapa."

"Alimkimbia nani?"

"Majambazi, mama. Hutazami televisheni?"

Akamwendea mama mmoja wa samaki. Kijana ana wanawake? Anaye, alijibiwa, mrembo hasa, lakini alimtilia sumu kwenye chai. Mwanasha akashika kifua. "Lini?" "Alhamisi iliyopita. Akainywa paka." Akampata dereva wa bodaboda, Sixbert, mwenye kifua kama mlango na uso wa kutisha. "Mudathiri ni ndugu yangu," Sixbert alisema kwa mapenzi makubwa. "Nimemteka nyara mara nyingi sana. Halalamiki."

Mji mzima ulikuwa umo kwenye mchezo! Ukimuuliza huyu, ni jambazi wa sehemu ya pili. Ukimuuliza yule, ni mkuu wa usalama. Kila mmoja alimjua Jasusi Bisibisi nje na ndani, na Mudathiri hakuna aliyemkumbuka. Mwingine angefunga virago. Mwanasha akakaza mtandio. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kama midomo ya watu haifai, basi yatatumika macho yake mwenyewe.

Na macho yakaona. Alimwona Mudathiri akitoka msikitini, akamwona bata bukini wa jirani akimjia shingo mbele, akaona jinsi kijana alivyogeuza njia akazunguka soko zima ili asipite pale. Kwa hiyo la bata lilikuwa kweli! Alimwona akipika uani kwao, mama yake Bi Siti akiwa amekaa mkekani na miguu iliyovimba, na akasikia harufu ya wali unaoungua kabla mpishi mwenyewe hajaisikia. Alimsikia akimwambia mama yake kwamba siku hizi mjini wali unapikwa vile.

Kisha likaja lile baya. Mwanasha alikuwa anapita nyuma ya nyumba ile na beseni lake alipomsikia Mudathiri akimpigia mama yake kelele. Ilikuwa habari ya dawa za presha. Bi Siti alikuwa amezificha chini ya mto, hataki kuzimeza. "Unataka kufa uniache na nani?" kijana alifoka, sauti mpaka barabarani. "Sema! Na nani?" Kijana akatoka mlangoni akamwona Mwanasha amesimama pale na beseni lake, wakatazamana, akarudi ndani.

Mwanasha aliondoka moyo mzito. Mtu anayempigia kelele mama mzazi atashindwa kumpigia mkewe? Alijua Nusaiba anamsubiri aseme neno jema, na neno jema hakuwa nalo.

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Bakary akapiga simu asubuhi.

"Umeona nini?"

"Naona bado."

"Dada, watu ni kesho! Nichinje mbuzi au nisichinje?"

"Nitakupigia leo hiihii," alisema Mwanasha. "Usimguse mbuzi wala usimguse mtoto." Akakata.

Hapo ndipo alipotokea Hafsa, binti mrefu mwenye kofia ya jua na kauli za haraka, ambaye ndiye mwongozaji wa Jasusi Bisibisi. Alisimama mbele ya meza ya ming'oko, akaipima kwa macho, akampima na mwenye meza.

"Mama, samahani. Tunarekodi hapa sokoni leo. Meza yako imekaa vizuri, na wewe una uso ninaoutaka. Uso wa mtu asiyetaka mchezo. Mudathiri atakuja mbio, ataingia mvunguni mwa meza yako. Majambazi watakuja kukuuliza. Wewe utasema: 'Sijamwona mtu. Nunueni ming'oko au mniondokee.' Basi. Unaweza?"

Mwanasha alitazama meza. Kitambaa kilishuka mpaka chini. Mtu akiingia humo hana pa kutokea ila kwa ruhusa yake. Moyo ukamwambia: ndiyo leo.

"Naweza," alisema.

Soko likasimama kutazama. Hafsa akapaza sauti, "Kimya! Anza!" Mara huyo Mudathiri, mfuko wa nyaya unamgonga ubavuni, miwani imekaa upande, akajitupa chini ya meza kwa kishindo hata beseni likaruka. Nyuma yake akaja Sixbert na mwenzake, wamekunja nyuso.

"Yuko wapi jasusi?" alinguruma Sixbert.

"Sijamwona mtu," alisema Mwanasha. "Nunueni ming'oko au mniondokee."

Alilisema kwa ukali wa kweli, hata Sixbert akasahau maneno yake akarudi nyuma hatua. Majambazi wakaondoka. Hapo ndipo Hafsa alipotakiwa kusema basi. Lakini Mwanasha hakungoja. Aliushika ukingo wa kitambaa kwa mguu, akakikanyagia chini, akaanza kupanga ming'oko yake huku akisema na meza.

"Wewe uliyemo humo. Mama yako unamdanganya?"

Sauti ndogo ikatoka: "Mama, hilo halimo kwenye mchezo."

"Najua halimo. Jibu."

Hafsa alimpungia mkono mpiga picha aendelee. Aliona kitu kizuri kinazaliwa, masikini, hakujua ni nini.

"Kwenye mchezo au nyumbani?" aliuliza Mudathiri.

"Nyumbani!"

"Namdanganya. Juzi nilimwambia mjini wali unapikwa vile. Uliungua tu."

Watu wakacheka. Mwanasha hakucheka. "Na bata?"

"Nawaogopa. Tangu utotoni. Sijui nifanyeje."

"Na jana? Nilisikia sauti yako barabarani. Mama yako mzazi, mwanaume mzima! Nieleze hilo."

Watazamaji wakaacha kucheka. Mudathiri alipojibu, sauti yake haikuwa ya Jasusi Bisibisi.

"Nilikosea. Nimemwomba radhi, amenisamehe, lakini mimi bado sijajisamehe. Presha ilimchukua baba, naye alikuwa anaficha dawa vilevile. Nikaona kama yale yanajirudia. Hasira ikanizidi. Sina la kujitetea, shangazi."

Mwanasha akasimamisha mkono hewani, mng'oko umo mkononi. Sokoni pale kila mtu alimwita mama, ama mama ming'oko. Shangazi alikuwa wa watu wachache sana duniani, na wote walikuwa Njinjo.

"Shangazi wa nani?" aliuliza polepole.

"Wa Nusaiba."

"Nani kakwambia? Yeye?"

"Hajui kama najua. Alinisimulia tu kiapo cha shangazi yake. Ni simu yako. Nilipoichomeka waya, ikawaka."

Mwanasha akaitoa simu kifuani, akaibonyeza. Kwenye kioo, meno yote nje, Nusaiba alikuwa anamchekea. Picha ile mtoto aliiweka mwenyewe siku alipompa simu, na Mwanasha alikuwa ameizoea kiasi kwamba hakuwa anaiona tena. Mpelelezi mzima, mtandio mpaka kwenye nyusi, amempelekea mtuhumiwa sura ya mchumba wake mkononi! Uso ulimwaka moto. Kisha wazo lingine likamjia, likamfanya asahau aibu yake.

"Kwa hiyo ulijua tangu siku ya kwanza," alisema. "Ulipomkwepa bata, ulijua naona?"

"Nilijua."

"Ulipounguza wali?"

"Nilijua uko nyuma ya ua. Ndiyo maana nikazidi kuchanganyikiwa."

"Na ulipotoka mlangoni jana ukaniona na beseni?"

"Nilitamani ardhi inimeze, shangazi. Nikasema ndiyo basi, Nusaiba amekwenda."

"Sasa mbona hukujirekebisha, mjinga wewe! Unajua unatazamwa, kazi yako ni kuigiza, unashindwa hata kumtekea mama yako maji mbele yangu nikaona? Mbona hukumwambia Nusaiba akupe maarifa?"

"Angenifundisha yote unayoyapenda," alisema Mudathiri kutoka mvunguni. "Nami ningeyafanya, maana nayaweza. Halafu ungerudi Njinjo na habari njema za mtu ambaye hayupo, na Nusaiba angekuja kukaa na mimi huyu."

Mwanasha alikaa chini kwenye ndoo iliyokuwa kiti chake. Miaka yote alikuwa anamtafuta Hussen katika kila mwanamume aliyeleta posa, ili amfukuze kabla hajaingia. Na sasa huyu hapa, mwigizaji wa kulipwa, alijua anachunguzwa kama Hussen alivyojua, na akakataa kuigiza. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. Akayafuta kwa ncha ya mtandio, akamkodolea macho mpiga picha mpaka akatazama pembeni.

Akapiga simu palepale. Bakary alipokea haraka, na kwa kuwa Mwanasha huongea na simu akiwa ameiweka mbali na sikio, soko zima lilisikia.

"Haya, dada! Umepata nini?"

"Nimepata. Sikiliza vizuri. Anakimbia bata. Wali anaunguza, halafu anasingizia mjini. Na ana hasira, jana kampazia sauti mama yake."

Pale sokoni mtu akasema "aa!" kwa uchungu.

"Alhamdulillahi," alisema Bakary, akishusha pumzi. "Basi nachinja mbuzi wa watu wa Lindi."

"Ngoja. Huyo wa Lindi, kasoro zake ni zipi?"

"Hana kasoro. Kila niliyemuuliza anamsifu."

"Hata moja huijui?"

"Hata moja sijaisikia, wallahi."

"Mimi nilipewa mume wa hivyo, kaka. Ulikuwepo, na pilau ulikula." Mwanasha akakitazama kitambaa cha meza. "Huyu nimekuletea tatu, na zote kanipa mwenyewe, huku anajua mimi ni nani. Watu wa Lindi wapikie chai, uwaage kwa heshima. Mpe mtoto simu."

Kukapita muda. Jogoo aliwika upande ule, mlango ukalia. Kisha sauti ya Nusaiba, nyembamba, ya mtu aliyejiandaa kupigwa: "Shangazi?"

"Nimemwona," alisema Mwanasha. "Jifunze kupika wali wewe, maana yeye hawezi."

Kilichofuata simuni ni kilio, au kicheko, haikujulikana, na soko nalo likalipuka kwa vigelegele. Sixbert alimkumbatia muuza kahawa. Hafsa alikuwa anauliza kila mtu kama sauti imeingia vizuri.

Mwanasha akaondoa mguu wake kwenye kitambaa, akakiinua. Mudathiri alikuwa amejikunja humo na mfuko wake wa nyaya, miwani imefunikwa na ukungu, hajui aivue au aiache.

"Shangazi," alinong'ona, "kuna bata huko nje?"

Mwanasha akatazama. Kelele zilikuwa zimemleta yule bukini wa jirani, anakuja katikati ya meza za watu, shingo mbele.

"Yuko mmoja," alisema, maana hakutaka waanze udugu kwa uongo. Akamnyooshea mkono. "Lakini toka, mwanangu. Niko hapa."